Gongo la Ubah

Jumatano, 8 Januari

Shule imefunguliwa leo na tayari nimekasirika. Jioni tulikuwa tunafyeka miti ya mathenge iliyoota pembeni mwa uwanja likizo nzima, mikono imejaa miiba, Mwalimu Jairus, kocha wetu, akatokea na msichana mrefu wa kidato cha pili. Akasema huyu ni Ubah Olow, kwao ni Bangale, amehamia kwetu, na atacheza mbele. Hakusema atajaribiwa. Alisema atacheza.

Mbele anacheza mwenzetu Mapenzi. Mimi ndiye nahodha wa timu hii ya hoki, niko kidato cha nne, na huu ndio muhula wangu wa mwisho wa kushika gongo. Hakuna aliyeniuliza chochote.

Ijumaa, 10 Januari

Stacy, kipa wetu, ana binamu kila shule ya kaunti hii. Anasema Ubah alifukuzwa alikokuwa kwa kumpiga mwenzake na gongo katikati ya mechi. Nikaenda kumuuliza Mwalimu Jairus kama anajua. Akasema anajua, na ndiyo sababu alimtafuta.

Jumatatu, 13 Januari

Jua kali. Mbuzi wamelala golini. Hakuna mazoezi.

Alhamisi, 16 Januari

Mapenzi amepoteza meno mawili ya mbele. Naandika hivyo kwanza kwa sababu leo kila mtu ameanzia pengine. Mwalimu Jairus ameanza kwa kusema uwanja ni mbovu. Madam Pekeshe, mwalimu mkuu, ameanza kwa kuuliza kama wazazi wamepigiwa simu. Ubah hakuanza popote. Alisimama akiangalia ncha ya gongo lake kama kwamba ni gongo ndilo lililotoka nyumbani peke yake.

Ilikuwa hivi. Mwalimu aliwapanga Ubah na Mapenzi ana kwa ana, mmoja kila timu, mwenye kushinda avae jezi namba tisa. Mapenzi si mkubwa wa mwili lakini ana mikono laini, mpira ukimfikia hulala. Mara mbili alimpokonya Ubah na kumwacha anageuka geuka. Wasichana wakacheka. Mwalimu akamwita Ubah pembeni, akamwinamia, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Ubah akarudi uso umemkaza.

Mpira uliofuata waliufuata wote wawili. Ubah aliinua gongo mpaka juu ya bega kama anayepasua kuni, akalishusha. Mpira ulikwenda. Gongo halikusimama, lilipanda mpaka mdomoni kwa Mapenzi.

Mimi nilikuwa karibu. Nilimsukuma Ubah akaanguka chini, akainuka na gongo mkononi, macho mekundu, na kama Stacy hangejitia katikati na makinga yake yote ya kipa sijui ningeandika nini leo. Mapenzi alikuwa amepiga magoti, anatafuta meno yake kwenye nyufa za udongo.

Mwalimu aliniadhibu mimi. Nizunguke uwanja mpaka aseme basi, kwa kusukuma mwenzangu. Nilipomaliza, sina pumzi, akanieleza kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi, kwamba mwaka jana na mwaka juzi tulitolewa kwa sababu tunacheza kwa kubembelezana. "Timu hii haina meno, Kanze," akasema. "Huyu ndiye meno yetu."

Mapenzi alikuwa zahanati ya Garsen akishonwa mdomo.

Ijumaa, 17 Januari

Nimewaambia wasichana mtu yeyote asimpe Ubah mpira.

Jumatano, 22 Januari

Tumecheza mazoezi wiki nzima bila kumpa Ubah mpira. Anaufuata mwenyewe. Anaupokonya kutoka kwetu, timu yake mwenyewe, na anakwenda nao peke yake mpaka golini, na mara nyingi anafunga. Mwalimu anapiga makofi. Ana mbio ambazo sijawahi kuona kwa msichana, na hata hilo linanikasirisha. Mtu angekuwa mbovu wa tabia na mbovu wa mchezo ingekuwa rahisi.

Jumapili, 2 Februari

Baba alikuja kuniona kutoka Idsowe na maembe. Akaniuliza kwa nini nimekonda. Nikamwambia ni joto.

Jumamosi, 15 Februari

Mashindano ya kaunti ndogo, hapa hapa Garsen. Tumeshinda mechi zote mbili. Ubah amefunga karibu magoli yote na amepewa kadi za kijani na za njano mpaka refa akamuuliza Mwalimu kama huyu mtoto anasikia. Dakika alizokaa nje kwa kadi ndizo dakika tulizocheza hoki. Tulipigiana pasi, tulifunguka. Akirudi, mchezo unakuwa vita tena, na wapinzani wanaogopa kuja karibu, na tunashinda.

Goli moja lazima niliandike. Alipokea mpira mguu wake ukiwa kwenye mstari wa kati, akawapita watatu bila kumgusa hata mmoja, akamlaza kipa upande huu na kupiga upande ule. Nilipiga kelele kabla ya kukumbuka kwamba simtaki.

Madam Pekeshe aliinuka kitini akipunga mtandio. Shule nzima ilirudi bwenini ikiimba jina la Ubah. Mapenzi alikuwa anaimba pia, mkono mdomoni. Nilimuuliza kama ana wazimu. Akaniambia, "Kanze, mimi ndiye niliyepigwa. Mbona wewe ndiye unayeumwa?"

Nikamwacha nikaenda kuteka maji.

Jumatatu, 24 Februari

Leo nimekutana na Ubah kwenye tangi la maji, yeye na mimi tu. Nilitaka nimwambie maneno yote niliyoweka tangu Januari. Nikamuuliza kwanza kwa nini anapiga watu.

Alikuwa anasugua tope kwenye viatu. Hakuinua uso. Kiswahili chake ni kifupi, kila neno analipima. "Nikipiga mpira, Mwalimu anasema vizuri," akasema. "Nikipiga mtu, anasema vizuri sana."

Nikamwambia asinidanganye. Akanitazama sasa. Akasema siku ile ya Mapenzi, Mwalimu alimwambia hivi: hapa hujaja kucheza chenga, chenga ninazo, nimekuleta uwatie hofu, na usipoweza gari la Bangale lipo. Akasema kwao wamemwambia shule ikimfukuza mara ya pili basi, atakaa kwenye duka la mjomba wake apime sukari. "Na mimi nataka kusoma," akasema, kama anayetaja kitu cha aibu.

Nilikuwa nimekuja na hasira imepangwa vizuri, kila kitu mahali pake. Amenivurugia. Nimerudi bwenini nina hasira kuliko nilivyokwenda na sijui niipeleke wapi.

Jumanne, 25 Februari

Najua pa kuipeleka. Lakini ni mwalimu.

Jumatano, 26 Februari

Nimewaambia wasichana wampe mpira. Stacy aliniuliza kimetokea nini, nikamwambia acheze golini.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeanza jana. Ubah anafunga na anafanya mazoezi. Saa kumi jioni uwanja unawaka, sisi tunakunywa maji kila tukipumzika na yeye anakaa upande wa pili, amejifunika uso na hijabu. Mwalimu amemwambia afungue siku za mechi tu, Mungu ataelewa. Amekataa. Akasema Mungu anaelewa tayari.

Nimeanza kunywea maji nyuma ya darasa. Wengine wameniiga.

Nimemfundisha kitu kimoja wiki hii. Mtu akija na mpira, gongo liende chini, bapa juu ya udongo, umsubiri akosee. Yeye huinua. Mwili wake unataka kuinua. Nikamwambia ukihisi mkono unapanda, nitafute mimi, niko nyuma yako, bora nikosee mimi. Akaniuliza kwa nini namsaidia. Nikamwambia simsaidii yeye, nasaidia timu. Alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza, na kusema kweli nilitaka kumsukuma tena.

Ijumaa, 7 Machi. Hola

Naandika nikiwa kwenye darasa tulilopewa tulale, magodoro chini. Wenzangu wanafurahi. Tumeingia fainali ya kaunti.

Nusu fainali tulicheza na wasichana wa upande wa Bura. Namba saba wao anaitwa Ifrah, kidato cha pili kama Ubah, mdogo, mwepesi, naye alikuwa amefunga Ramadhani vile vile. Nusu ya kwanza alitucheza atakavyo. Mimi ndiye beki wa kati, alinipita mpaka nikaona haya. Ubah alirudi nyuma kunisaidia, gongo chini, bapa, akamsubiri, akampokonya mara moja, mbili, safi kabisa. Mara moja mkono ulianza kupanda, akageuza kichwa akanitafuta, nikamwonyesha kiganja, ukashuka. Tukafunga kwa kona fupi, ile adhabu inayopigwa karibu na goli. Moja bila.

Mapumziko, Mwalimu Jairus hakutazama mtu mwingine. Alimshika Ubah begani, na safari hii nilikuwa karibu, nikasikia kila neno. Akasema: "Namba saba asimalize mechi. Umenielewa? Goti." Mapenzi, ambaye alikuwa akiba, alikuwa anagawa vitambaa vya maji. Alisikia pia. Tulitazamana.

Nikasema, "Mwalimu, tunaongoza." Akaniambia nahodha akacheze nafasi yake.

Nikamfuata Ubah tukiingia. Nikamwambia usifanye. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Akasema, "Unasoma mwaka huu unamaliza. Mimi nimebakisha miwili."

Haikuchukua muda. Ifrah alikuja na mpira upande wa kulia. Nilimwona Ubah akimkimbilia, nikaita jina lake kwa sauti yangu yote. Hakugeuka. Mlio wa gongo kwenye goti si kama mlio wa gongo kwenye mpira. Uwanja mzima uliujua.

Kadi nyekundu. Ifrah alibebwa, hakulia, alikuwa anatazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Watu wa Bura waliingia uwanjani, polisi wakawatoa. Na Mwalimu Jairus, nikisikia, mbele ya refa na viongozi wote, aliinua mikono akasema, "Nimemwonya huyu mtoto tangu Januari, lakini watoto wa huko wamelelewa hivyo."

Ubah alikuwa amesimama karibu naye. Alisikia.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi niliwaambia wasichana tusicheze fainali mpaka Mwalimu aseme ukweli. Nilidhani watasimama. Stacy akasema yeye amelala sakafuni Hola miaka mitatu akitafuta fainali hii. Wengine wakamuunga mkono. Mapenzi peke yake alikuwa upande wangu, na hata yeye akasema kama tunacheza tucheze.

Tukacheza. Tumefungwa tatu bila na timu inayojua kukimbia. Sikukosa hata pasi moja na sikujali hata pasi moja. Ubah alikaa kwenye gari, madirisha yamefungwa, katika joto lile.

Jumatatu, 10 Machi

Ifrah goti limevunjika kifuniko. Amefanyiwa upasuaji. Shule yao imeandika malalamiko. Kamati ya nidhamu ni Jumatano na kila mtu anajua watakachosema. Nimemwambia Ubah aseme alichoambiwa. Amekataa. Anasema Mwalimu ndiye mtu pekee aliyekubali kumchukua shule zote zilipomkataa, na hawezi kumgeuka.

Nimemwita mjinga. Nimemwambia hakuchukuliwa mtu, limechukuliwa gongo. Amelia na sikujuta.

Jumatano, 12 Machi

Mama yake Ubah amekuja kutoka Bangale, barabara ile yote, amefunga saumu, amekaa kwenye kiti cha plastiki ofisini na mkoba magotini. Ubah humwita hooyo, kwa sauti ndogo ambayo sijamsikia nayo popote pengine.

Mapenzi na mimi hatukuitwa. Tulibisha mlango tukaingia. Madam Pekeshe alikunja uso lakini hakututoa. Mwalimu Jairus alikuwa ameshaeleza: alimchukua mtoto huyu kwa huruma, akamshauri, akashindwa. Madam alimuuliza Ubah kama ana la kusema. Ubah akasema, "Ni mimi. Nilipiga mimi." Mama yake akafumba macho.

Nikasema alichoambiwa wakati wa mapumziko, neno kwa neno, mpaka lile la goti.

Mwalimu hakukasirika. Aligeukia Madam akasema kwa utaratibu kwamba Kanze amemchukia msichana huyu tangu siku ya kwanza, alimsukuma chini, aliwakataza wenzake wasimpe mpira, shule nzima inajua. Sasa timu imeshindwa anatafuta wa kulaumu.

Na yote hayo ni kweli. Halafu ile hasira niliyotembea nayo muhula mzima bila kujua niiweke wapi, ikapata kiti ikakaa.

"Ni kweli, Madam," nikasema. "Sikumtaka. Hata leo sijui kama nampenda. Kwa hiyo nikimtetea, mnadhani ninapata nini?"

Mapenzi akasogea mbele, akaondoa mkono mdomoni, jambo ambalo hajalifanya mbele ya mtu mzima tangu Januari. Ukimwona unaona pengo. Akasema na yeye alisikia Hola. Akasema, "Aliyenipiga namjua, nimemsamehe. Aliyemtuma hajaniomba."

Mama Ubah hakuwa ameelewa kila neno. Alimuuliza binti yake kwa Kisomali, swali moja, fupi. Ubah akajibu akimtazama Mwalimu Jairus na si mama yake, tena kwa Kiswahili ili wote tusikie. "Ndiyo. Alinituma. Lakini mkono ni wangu."

Uamuzi umetoka jioni. Ubah yuko nyumbani wiki mbili, hakufukuzwa. Mwalimu Jairus ameondolewa kwenye michezo, ataendelea kufundisha biashara. Kesho asubuhi ana kipindi na sisi. Nitakaa mbele kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Hakunitazama. Mimi nilimtazama kipindi chote.

Ijumaa, 21 Machi

Madam Nyevu wa Kiswahili amepewa timu. Hajui kona fupi ni nini. Anauliza, na tunamweleza, na anauliza tena. Stacy anasema tumekwisha. Mapenzi amerudi namba tisa.

Jumamosi, 29 Machi

Ubah amerudi tangu juzi. Ameniambia ameacha hoki. Gongo amelirudisha stoo. Nikamwambia vizuri, na nikashangaa kusikia sauti yangu haiko vizuri.

Leo Madam Nyevu ametupeleka Bura, Ubah na mimi nyuma ya pikapu ya shule, tumwone Ifrah. Ubah ndiye aliyeomba. Kutoka mjini tulichukua pikipiki kufuata mfereji, mahindi kushoto na kulia, kwenda kwa baba yake Ifrah ambaye ni mkulima wa skimu ya umwagiliaji. Ifrah alikuwa amekaa mkekani nje ya nyumba, mguu umenyooshwa, magongo ya kutembelea kando yake.

Ubah alikuwa amejifunza maneno njiani. Nilimsikia akiyanong'ona. Alipofika mbele yake yakamtoka yote mara moja, kwamba alikosa, kwamba anaomba msamaha, na kwamba ameacha kucheza, hatashika gongo tena maishani.

Ifrah alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ni mdogo na nilidhani atalia. Hakulia.

"Umeacha," akasema. "Kwa hiyo mimi nimelala hapa, na wewe umejipa adhabu, umemaliza, unakwenda nyumbani na roho safi."

Ubah akafungua mdomo. Ifrah akainua mkono.

"Mimi ndiye sichezi. Wewe utacheza. Daktari amesema mwakani ninaweza kurudi, na nitarudi, na sitaki kukuta wamemweka mtu mwingine pale. Nataka nikukute wewe. Nataka nikupite nikiwa na goti hili. Na kama utanizuia, unizuie kwa mpira." Akavuta shuka juu ya mguu. "Sijakusamehe. Nendeni, nimefunga na nimechoka kuongea."

Mama yake Ifrah alitupa tende za kufungulia, tukaondoka.

Njia nzima mpaka Garsen vumbi lilitujaa usoni. Nami nilikuwa nimekasirika, lakini kwa ajili ya msichana yule mkekani, na nilifurahi kwamba kuna mtu mwenye haki ya hasira ameitumia vizuri kuliko mimi.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Wenzetu Waislamu wamekwenda kuswali mjini. Mawingu meusi upande wa Kipini tangu asubuhi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imenyesha usiku na asubuhi uwanja ni tope jeusi linaloshika viatu. Shule inafungwa kesho na hakuna mazoezi. Nilikuwa nakunja godoro langu nikasikia mpira unagonga ubao wa goli, tena na tena, nikaenda dirishani.

Ubah alikuwa uwanjani peke yake. Alikuwa amepanga mawe, na kila jiwe analifikia akiwa ameinama, gongo chini, anakokota mpira kulizunguka bila kuligusa. Akigusa jiwe, anarudi mwanzo. Alikuwa anagusa sana. Nilimwona akilirusha gongo kwa hasira, akasimama mikono kiunoni, akalifuata, akaliokota, akarudi mwanzo.

Magoti yake hayakunjiki vya kutosha. Ndiyo sababu gongo linapanda. Sijui kwa nini sikuliona mapema.

Nikavua viatu vya shule, nikachukua gongo langu chini ya kitanda, nikatoka peku kwenda kuwa jiwe.